Jino la Kwanza

Picha ipo, imekunjika pembe moja.
Nyuma yake mwandiko wa mama: Gyumri, mwaka wa mishumaa,
Nvard ameota jino.
Nimeketishwa katikati ya zulia kama furushi,
shela nyeupe kichwani, na ngano ya kuchemsha
inanimiminikia mabegani, zabibu kavu hadi kwenye kope,
maana kwetu jino la kwanza haliachwi lichomoze kimyakimya:
huitiwa majirani.

Mbele yangu wameyatandaza maisha.
Mkasi. Kitana. Kitabu kisicho jalada. Noti mpya ya dram.
Nyundo ya babu Garegin, mchonga mawe ya makaburi,
iliyowekwa pale kwa heshima tu, kama mgeni asiyetarajiwa kula.
Na kipimajoto cha kioo.
Chagua, mama, chagua!
Nami nina miezi saba, sijajua bado
kwamba ule mkono unaopitapita mbele ya macho yangu
ni wangu.

Nilishika kipimajoto.
Ndivyo nilivyosimuliwa nilipoanza shule,
ndivyo nilivyosimuliwa nilipofeli kemia,
na shangazi Haykanush akitia chumvi kila mwaka:
ulikishika kwa mikono miwili;
ulikikumbatia, tukashindwa kukupokonya.
Kufikia mtihani wa chuo nilikuwa karibu nimekimeza.
Nani abishane na mkono wake mwenyewe?
Walinikunja ningali mbichi, tena kwa makofi.

Lakini Jumamosi nilikuwa uani kwa babu,
vumbi jeusi la mawe kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye mkate.
Aligonga jiwe, akainamisha sikio.
"Zima huimba," alisema. "Lenye ufa hukohoa."
Kisha naye akakohoa, mpaka akashika ukuta,
akaniondolea patasi mkononi.
"Si kwa sababu wewe ni msichana," akasema.
Akanyamaza kidogo.
"Ndiyo, kwa sababu hiyo pia."

Leo nina kliniki, chumba kimoja juu ya duka la viatu.
Nagonga gego la mtu kwa mpini wa kioo changu kidogo,
nainamisha sikio.
Mgonjwa hudhani natafuta tundu.

Mama alipofariki ndipo picha ilipokuja kwangu,
pamoja na cheti chake cha uuguzi, kimezongwa gazeti,
yeye aliyeuza mbegu za alizeti stesheni
miaka kumi na tisa.
Niliiweka chini ya taa ya kazi, ile isiyoficha kitu.
Pembeni, ndani ya mkunjo, kuna pete yake.
Vidole vyake vimenishika kifundo cha mkono,
taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika.
Nami sikitazami kipimajoto, wala nyundo.
Natazama bakuli la ngano.
Nilikuwa na njaa.

Nilikasirika hadi maji yakachemka,
kisha nikanywa chai.

Juzi mtoto wa kaka yangu aliota jino.
Wakaniambia: njoo na kitu cha kazini.
Nilileta kioo; nikaleta na nyundo, mpini wake umepasuka.
Wifi ameweka kompyuta, kaka funguo za lori lake la Urusi.
Ngano ikamiminwa. Mtoto akapiga chafya,
akavipita vyote kwa magoti,
akaenda mlangoni, akakumbatia kiatu cha jirani.
Tulicheka hadi machozi.
"Hicho hakihesabiki," shangazi akasema,
akamrudisha zuliani.

Na walipokuwa wakimfuta ngano masikioni
nikauona mkono, huu ninaoujua sasa kuwa ni wangu,
ukikisogeza kioo
upana wa kidole kimoja, karibu naye.